Boti kuukuu ya faiba: tafuta chanzo kabla ya kushika grainda

Anayeuza boti ya faiba husema haiozi. Husema kweli nusu. Faiba yenyewe haiozi, lakini ndani yake mna plaiwudi kwenye ubao wa shetri (nyuma, mashine inapofungwa), mbao kwenye mataruma (mbavu za boti) na povu chini ya sitaha, na vyote hivyo hunywa maji. Ongeza waya ambazo kila mwenye boti aliyepita ameziongezea kipande chake, na utapata chombo kinacholalamika sehemu tano kwa wakati mmoja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye boti ya uvuvi ya futi 18 hadi 23, inayosukumwa na mashine ya nje ya nguvu za farasi 40 au karibu na hapo, ambayo sasa imekalia matairi uani Likoni, Mtongwe au Mikindani, hapa Mombasa. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu mwenye boti haoni chanzo, anaona dalili tu. Na katika boti dalili na chanzo mara nyingi hazikai pamoja. Maji yanayoingia omo, yaani mbele, utayaona shetrini, kwa kuwa boti hulala ikiinamia mashine. Umeme unaopotea kwenye jointi ya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hujikusanya, utauona kama taa hafifu juu ya mlingoti, na utanunua taa mpya ambayo nayo itawaka vivyo hivyo.

Kwa hiyo nunua vya kupimia kabla ya vya kutengenezea: mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini, balbu ya gari ya volti 12 iliyoungwa waya mbili, nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, na keekee yenye msumari mwembamba wa milimita 5. Kisha shika mpangilio mmoja: mwili kwanza, waya baadaye. Vumbi la faiba huingia kwenye kila swichi, na hakuna maana ya kupitisha waya mpya chini ya sitaha utakayoikata wiki mbili baadaye. Waya za zamani zing'oe mapema, lakini zichore kwenye karatasi kabla ya kuzing'oa, hata zile usizojua zinakwenda wapi.

"Chombo chaingia maji lakini tundu silioni"

Anza na nguruzi, tundu la kutolea maji lenye kizibo. Kizibo kilicholegea au kilichopoteza mpira wake huingiza maji kidogo kidogo usiku kucha, nacho ni cha bei ndogo kuliko vyote. Kisha angalia kila skrubu iliyopita chini ya mstari wa maji: za kipima kina, za bomba la pampu, za vyuma vya zinki. Skrubu iliyotiwa silikoni ya madirishani haitadumu hapo. Silikoni hubanduka kwenye faiba, na ikishapaka mahali, rangi na rezini (kimiminika kinachoganda pamoja na nyuzi na kuwa faiba ngumu) hazitashika tena mpaka usage. Tumia gundi ya poliyurethani ya baharini.

Kama huko ni kuzuri, geuza jaribio. Badala ya kutafuta maji yanayoingia, tafuta yanayotoka. Boti ikiwa juu ya nchi, iegemeze vizuri sehemu nyingi, mimina maji ya bomba ndani mpaka yafike kifundo cha mguu, ukaushe nje kwa kitambaa na usubiri. Mahali panapotokwa na jasho panajitaja penyewe. Usijaze zaidi ya hapo: pipa moja la lita 200 ni kilo 200, na boti iliyotulia majini bila tabu inaweza kupasuka ikiwa juu ya tairi mbili.

Boti zetu huharibika zaidi kwenye mkuku, uti wa chini wa boti, kuliko mahali pengine. Bamvua ya Mombasa hushusha maji zaidi ya mita 3, na boti iliyofungwa kwenye mlango wa Tudor au ufukweni hupwelewa mara mbili kwa siku, ikisugua mchanga na matumbawe. Gelikoti, lile ganda laini la nje, huisha kwanza, kisha unaona nyuzi. Nyuzi zikionekana, maji tayari yanasafiri ndani yake. Hapo kupaka rangi hakusaidii. Saga mpaka kwenye faiba kavu na ngumu, ukitengeneza mteremko: kwa kila milimita moja ya unene wa faiba, uwe na milimita 12 za mteremko pembeni. Faiba ya milimita 6 basi inataka karibu sentimita 7 kila upande. Watu wengi husaga ukubwa wa tundu tu na kulibandika kiraka, na kiraka hicho hung'oka kizima kikiwa na umbo lake, kwa sababu kilikuwa kimeshikwa na ukingo peke yake.

Nyufa ndogo ndogo kwenye gelikoti zilizotawanyika kwenye kona ya kiti au chini ya kikanyagio ni jambo jingine. Hizo hutokana na faiba kupinda kuliko gelikoti inavyoweza kufuata. Ukizijaza bila kuimarisha faiba kwa ndani zitarudi msimu ujao, pale pale.

"Imekuwa nzito, haipandi juu ya maji"

Mashine ni ile ile, watu ni wale wale, lakini boti haiinuki. Kabla ya kulaumu kabureta au propela, piga sitaha kwa nyundo ya plastiki kuanzia omo kurudi nyuma. Faiba nzima hulia kwa sauti kali na fupi. Iliyoachana hulia butu. Weka alama ya chaki kila panapobadilika sauti.

Toboa tundu dogo kwenye sitaha mahali pa chini kabisa, karibu na shetri, halafu ingiza waya mgumu. Ukitoka na maji, povu limelowa. Povu la zamani huuzwa kama lisilonyonya maji, na likiwa jipya ni kweli, lakini likikaa miaka mingi kwenye maji yaliyosimama chini ya sitaha hunyonya, na halikauki kwa jua. Lazima ukate sitaha na kulitoa lote. Ni kazi chafu na mifuko itajaa. Watu hujaribu kutoboa matundu kumi na kusubiri kaskazi ikaushe. Povu lililolowa halikaushwi hivyo.

"Mashine inatingishika hata nati zikiwa zimekazwa"

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Mashine ya farasi 40 ina uzito wa karibu kilo 70, na kila wimbi huivuta nyuma na kuisukuma mbele. Kinachoibeba ni plaiwudi iliyo katikati ya ngozi mbili za faiba. Maji huingia kupitia matundu ya bolti za mashine na ya nguruzi, plaiwudi inalainika, na kwa nje boti inang'aa.

Simama nyuma, shika mguu wa mashine, uinue na kuushusha huku mwenzako akitazama ubao wa shetri. Ukiona ubao unapinda au maji yanatiririka kwenye tundu la bolti, ushapata jibu. Kama una shaka, toboa kwa msumari wa milimita 5 upande wa ndani, sehemu nne au tano, na uangalie unga unaotoka. Mkavu wa rangi ya mbao ni salama. Mweusi, unaonata kidoleni na kunuka uozo, ni plaiwudi iliyokwisha.

Dawa yake ni moja na haina njia ya mkato. Kata ngozi ya ndani, uache ya nje nzima ili iwe kalibu ya umbo. Chimba mbao yote iliyooza, acha pakauke, kisha ingiza plaiwudi ya baharini, kwa kawaida tabaka mbili za milimita 18, zikilazwa kwenye rezini iliyokolezwa ili kusibaki hewa. Zibane kwa bolti na vipande vya mbao mpaka zigande. Zungushia pembe zote mkunjo wa rezini nzito, kwa sababu mkeka wa faiba, ule wa nyuzi unaoloweshwa rezini, haupendi kona kali. Huinuka na kuacha uwazi. Kisha weka mikeka juu yake, ukiiendeleza kwenye mbavu na sakafu ya boti.

Tundu la bolti lina utaratibu wake. Toboa kubwa kuliko bolti, lijaze rezini, likigandama toboa tena kwa kipimo cha bolti yenyewe. Hapo hata gundi ikishindwa siku moja, maji yatakutana na rezini na si mbao. Yadi nyingi huruka hatua hii kwa sababu inachukua siku ya ziada, na ndiyo sababu boti hizo hurudi.

"Malengelenge chini ya boti"

Boti inayovutwa ufukweni kila siku haiyapati sana. Inayoachwa kwenye nanga mwaka mzima ndiyo huyapata: maji hupenya gelikoti, hukutana na kemikali zilizobaki kwenye rezini, na shinikizo huinua uvimbe. Toboa moja ukiwa umevaa miwani, maana maji yake huruka. Yakinuka kama siki, ni yenyewe. Fungua yote, osha kwa maji matamu mara nyingi, acha boti ikauke kwa wiki kadhaa chini ya kivuli kinachopitisha upepo, kisha jaza kwa epoksi, rezini ya aina nyingine. Epoksi hushika vizuri juu ya polyesta, rezini ya kawaida ya boti hizi. Kinyume chake ni tabu: gelikoti ya polyesta juu ya epoksi mara nyingi haigandi sawasawa, kwa hiyo ukishatumia epoksi, malizia kwa rangi.

"Rezini imebaki inanata" au "rezini imefuka moshi kwenye kopo"

Ni ugonjwa mmoja wenye ncha mbili. Rezini ya polyesta hutiwa hadna, dawa ya kuigandisha, kati ya asilimia 1 na 2 kwa uzito. Kilo moja ya rezini kwa asilimia 1 ni gramu 10 za hadna, karibu mililita 9, na bomba la sindano kutoka duka la dawa hupima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Kwa joto letu la nyuzi 30 na zaidi, kaa karibu na asilimia 1, fanya kazi asubuhi, na changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana. Ukichanganya kilo mbili kwenye kopo refu saa saba mchana, itachemka, ipasuke na kufuka moshi kabla hujamaliza mkeka wa kwanza. Lakini usishuke chini ya asilimia 1 ukidhani unajipatia muda: haitagandama kikamilifu, na haitajirekebisha yenyewe baadaye.

Kunata juu tu, huku chini kukiwa kugumu, si lazima kuwe kosa. Rezini ya kujengea haigandi juu inapogusana na hewa, ili tabaka linalofuata lishike. Tabaka la mwisho ndilo hutiwa nta. Ikinata mpaka ndani, hadna ilikuwa haba au ya zamani, au mkeka ulikuwa na unyevu. Mkeka uliokaa wazi sebuleni wakati wa masika huonekana mkavu na si mkavu. Ndiyo maana kazi ya faiba hapa nyumbani ni ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Mabaka meupe baada ya kuganda ni mkeka uliokosa rezini. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutaka rezini ya uzito wake mara mbili hadi mbili na nusu, ikisukumwa kwa rola mpaka mapovu yatoke. Weka mikeka miwili au mitatu kwa zamu, acha ipoe, saga kidogo, endelea.

Na mambo matatu ambayo hayana mjadala. Hadna ikiingia jichoni huweza kupofusha: weka ndoo ya maji safi karibu, suuza kwa robo saa bila kukoma na uende hospitali. Usichanganye hadna moja kwa moja na kile kimiminika cha zambarau cha kuharakisha rezini, kwa sababu hulipuka; kila kimoja huingia kwenye rezini peke yake. Na vumbi la faiba halitaki leso puani, linataka barakoa ya vumbi, shati la mikono mirefu, na turubai upande wa jirani. Nguo zilizoanikwa na mama wa nyumba ya pili zikipata vumbi lile, watoto watajikuna wiki nzima na wewe utasikia kwenye baraza.

"Betri imelala usiku mmoja"

Sasa tuje kwenye waya. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa. 12.2 ni nusu. Chini ya 11.9 imekwisha, na ikizoea kukaa hapo hufa mapema. Kisha washa mzigo mkubwa, uangalie mita: betri nzima hushuka kidogo na kutulia, iliyochoka huporomoka.

Betri ikiwa nzima lakini inaisha, kuna kitu kinakunywa. Zima kila kitu, toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita upande wa ampea kati ya waya na nguzo ya betri. Kisha toa fyuzi moja moja mpaka usomaji ushuke. Usidharau namba ndogo. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 70 itakuwa chini ya nusu kufikia siku ya tatu.

Mshukiwa wa kwanza ni swichi ya kuelea ya pampu iliyonaswa na ndoano, uzi au gamba la samaki. Wa pili ni redio iliyoungwa moja kwa moja na betri. Wa tatu huwashangaza wengi: utando wa chumvi na unyevu kwenye ubao wa kuungia waya, unaopitisha umeme kutoka chanya hadi hasi bila kifaa chochote kuwaka. Osha kwa maji matamu, kausha, na uhamishe ubao huo mahali mawimbi hayafiki.

"Taa hafifu, pampu inavuta polepole"

Hapa ndipo watu hutupa pesa nyingi, basi twende taratibu.

Kifaa chochote cha volti 12 kina waya wa kwenda na wa kurudi, na kila jointi njiani hula kidogo. Washa taa. Weka mita upande wa volti, ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa. Unachosoma ni volti zilizopotea njiani. Kisha rudia kwa hasi: nguzo ya hasi ya betri na hasi ya taa. Jaribio hili lazima lifanywe kifaa kikiwa kimewaka. Kikizimwa, jointi mbovu kabisa huonyesha volti 12 safi na kukudanganya. Na usiache upande wa hasi. Fundi aliyezoea magari hupima chanya tu kwa sababu gari lina mwili wa chuma wa kurudishia umeme. Boti ya faiba haina. Hasi yake ni waya kama mwingine, mara nyingi waya mbovu kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeuangalia.

Kwa pampu, taa za njia na redio usikubali kupoteza zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36. Kwa taa ya ndani asilimia 10 inavumilika. Chukua mfano: pampu inayovuta ampea 4, ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, ina mita 10 za waya ukihesabu kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, utakula karibu volti 0.48. Umeshapita kiwango kabla ya kuhesabu jointi. Wa 2.5 utakula takriban 0.3. Tofauti ya bei ya mita 10 za waya hizo mbili ni ndogo sana ukilinganisha na pampu iliyoungua.

Ila waya wa nyumba una kasoro nyingine kuliko unene. Ule wa uzi mmoja mnene hukatika kwa mtetemo, na hukatika ndani ya plastiki, usipouona. Shaba yake iko wazi. Chumvi hupanda ndani kwa ndani na kuifanya nyeusi. Menya sentimita 20 za waya wa zamani: shaba ikiwa nyeusi mpaka huko, usiikate na kuiunga tena, ing'oe yote. Waya wa boti ni wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati, ndiyo maana ukimenywa unaonekana mweupe. Ukiukosa madukani Mombasa, ule wa magari wa nyuzi nyingi utakufaa kwa muda, mradi kila mwisho uzibwe.

Jointi za kusokota na kuzungushia tepu zitoe zote, bila huruma. Bana kwa koleo la kubania, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, upashe mpaka gundi ichungulie pembeni. Solda peke yake siipendelei baharini: pale solda inapoishia waya hugeuka mgumu, na mtetemo hukatia hapo hapo. Nyekundu iwe chanya, nyeusi au ya manjano iwe hasi, na ushikilie hivyo kote, kwa sababu aliyezoea rangi za nyumbani anaweza kuchanganya.

"Pampu inanguruma lakini maji hayatoki"

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji ya chombo yana tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo jointi ya pampu isilale ngamani hata siku moja. Ipandishe juu kabisa waya unavyofika.

Pampu ikizunguka bila kutoa, fungua chujio kwanza: magamba, nailoni, chambo cha jana. Kisha angalia kama chanya na hasi hazijabadilishana. Pampu hizi zikizungushwa kinyume hunguruma vizuri tu na kutoa maji kidogo mno. Ikiwa inatoa lakini inawaka na kuzima kila dakika, bomba ni refu, na maji yaliyobaki ndani yake hurudi na kuinua swichi tena. Fupisha bomba au punguza mkunjo. Na kama ngama inajaa boti ikiwa imetulia, tundu la kutolea maji liko chini mno, maji yanarudi kwa njia ile ile yaliyotokea. Lipandishe, na bomba lipige kona juu kabla ya kushuka.

Pampu iungwe na betri kupitia fyuzi yake yenyewe, kabla ya swichi kuu, ili ifanye kazi hata usipokuwepo. Na upo, ile kata ya kufulia maji kwa mkono, ubaki ndani ya boti. Pampu haijawahi kufua maji betri ikiwa imezama.

"Fyuzi inakatika kila mara"

Usiweke kubwa zaidi. Usiweke karatasi ya sigara wala msumari. Fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya, na waya ukiwaka ndani ya boti ya faiba, rezini nayo huwaka.

Toa fyuzi, weka ile balbu ya gari mahali pake. Ikiwaka kwa nguvu zote huku kifaa kimezimwa, kuna shoti. Sasa pita na waya ukiutikisa sehemu moja moja. Balbu itakapopepesa ndipo penye jeraha. Karibu kila mara ni pale waya unapopita kwenye tundu la faiba lisilo na mpira, maana ukingo wa faiba iliyotobolewa hukata kama msumeno. Kama balbu haiwaki mpaka uwashe kifaa, basi kosa liko baada ya swichi, mara nyingi kwenye kifaa chenyewe: pampu iliyonaswa huvuta ampea nyingi.

Fyuzi kuu iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Na tangi la petroli likiwa chini ya sitaha, betri na swichi zisikae chumba kimoja nalo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini na kusubiri cheche.

"Mashine haichaji" au "starta inasema kliki tu"

Kliki: pima volti kwenye nguzo za betri wakati mwenzako anabonyeza. Zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ndiyo dhaifu. Zikibaki juu, tatizo ni nyaya nene au miunganisho yake. Nati za masikio hulegea. Weka nati za kawaida na springi washa.

Kutochaji: mashine ikiwa inazunguka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Mashine nyingi za kuvuta kwa kamba zina koili ya taa tu, na umeme wake hauwezi kuchaji betri mpaka upitie rektifaya, kifaa kinachougeuza uwe wa njia moja kama wa betri. Ukipata zaidi ya 15, kidhibiti kimeharibika na betri itachemka. Usitoe waya wa betri mashine ikiwa inaunguruma, hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Rektifaya huungua papo hapo.

"Redio inakwaruza nikiwasha taa"

Zima taa za LED moja moja huku ukisikiliza chaneli 16 ya redio ya VHF, redio ya mawasiliano ya baharini. Baadhi ya taa za LED za bei ya chini hutoa kelele za umeme zinazoziba VHF. Ibadilishe, au isogeze mbali na antena. Redio isiyosikia ni hatari kubwa kuliko taa hafifu.

Na ukiwa kwenye taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe inayoonekana pande zote kwa boti ya chini ya mita 12. Ukivua usiku kwa nyavu au mishipi mirefu isiyokokotwa, ni nyekundu juu ya nyeupe. Meli za bandari ya Kilindini hazikuoni kwa macho ya huruma. Zinaona taa zako au hazikuoni kabisa. Mkaguzi wa KMA, mamlaka ya vyombo vya baharini ya Kenya, pia ataziangalia kabla ya leseni.

"Nchi kavu kila kitu sawa, baharini kinazima"

Ni mtetemo, au ni maji. Uani washa vifaa vyote kwa pamoja, pima volti, kisha piga mbavu za boti kwa ngumi na uvute kila waya kwa mkono. Kinachopepesa kimejitaja. Halafu nyunyizia maji kwa mpira kutoka omo, kama mawimbi yajavyo, na urudie. Waya ufungwe kila sentimita 40 hivi usiweze kucheza, na kila unapoingia kwenye kifaa uachie kitanzi kinachoning'inia chini ili tone lidondoke kabla ya kufika.

Shua boti siku ya maji mafu, mkondo ukiwa mpole, na kaa karibu na pwani mzunguko mmoja mzima wa mashine kupata joto na kupoa. Ukirudi, kabla ya kunawa mikono, gusa kila jointi ya nyaya nene. Iliyo moto ndiyo inayofuata kutengenezwa. Mchoro wa waya mpya uandike kwa wino usiofutika, uutie ndani ya plastiki na kuubandika upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la fyuzi.